Barua ya wazi kuhusu Ras Serani: waandikeni askari walioondoka hapa Februari 1944

Kwa Waziri anayehusika na utalii, Gavana wa Kaunti ya Mombasa, na Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nawaandikia kuhusu Bustani ya Mama Ngina pale Ras Serani, mahali ambapo wengi wetu bado twapaita Lighthouse. Ombi langu ni moja. Pawekwe pale, kando ya mkondo wa Kilindini, ukumbusho wenye majina ya askari wa Afrika Mashariki waliopitia mkondo huo mwanzoni mwa Februari 1944 wakiwa ndani ya meli ya Khedive Ismail, wasirudi tena. Mengine yote nitakayoyasema humu yanazunguka hilo.

Mtauliza kwa nini pale. Anayeijua Mombasa anajua kwamba meli kubwa haina njia nyingine. Ikitoka bahari kuu hupenya kwenye mlango wa miamba, ikakabiliana na Ras Serani, na hapo maji hugawanyika pande mbili. Kuliani mwake ni Bandari ya Kale na Fort Jesus. Kushoto ni mkondo wa Kilindini, unaoambaa chini ya bustani hadi kivuko cha Likoni kabla ya kutanuka na kuwa bandari. Mkondo wenyewe ni mwembamba. Meli ya makontena ikipita jioni, waliokaa ukingoni hukatiza mazungumzo. Unalisoma jina lake ubavuni herufi kwa herufi, unaiona kutu iliyochuruzika chini ya tundu la nanga, unamwona na baharia mwenye ovaroli ameegemea chuma akitazama huku kwetu. Watoto humpungia mkono, naye huwapungia. Kisha wimbi la ile meli hufika likapiga jabali huko chini, na muuza viazi karai anaendelea kumimina ukwaju bila hata kuinua kichwa.

Ndipo walipopita. Jabali hili lilikuwa kipande cha mwisho cha kisiwa walichokiacha nyuma kabla ya bahari kuu.

Vita vya Pili vya Dunia vilifika kwetu kwa pande mbili, na zote mbili zilipita mlango huu. Kwanza vilikuja. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Japani ziliishambulia Colombo, katika kisiwa cha Ceylon (leo Sri Lanka), na siku nne baadaye zikaipiga Trincomalee. Katika siku hizo Uingereza ilipoteza manowari za Cornwall na Dorsetshire, pamoja na Hermes iliyokuwa ikibeba ndege za kivita. Admirali James Somerville aliona Ceylon si salama tena kwa manowari zake, akazihamishia Kilindini. Kwa hivyo kwa muda makao ya manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi yalikuwa hapa. Walikuja pia watu wa kazi ya siri, waliokuwa wakinasa mawasiliano ya redio ya Wajapani na kuyafumbua. Wao walipewa jengo la Shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari, na humo ndimo ulimofumbuliwa mfumo wa siri uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mwaka 1943 walirudi Colombo. Mimi naona habari hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtoto wa Mombasa apende somo la historia.

Upande wa pili ni wa watu wetu waliokuwa wakitoka. King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walikuwa wamekwisha kupigana na Waitalia Somalia na Ethiopia. Mwaka 1942 Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipigana Madagascar. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivushwa hadi Ceylon kujiandaa kwa vita vya Burma (leo Myanmar). Na Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria ukang'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wanamizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za kijeshi.

Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga ile meli kwa topido mbili. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Askari waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufika kwenye ngazi. Waliobahatika kujitupa majini walikuta balaa jingine: nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na manowari Petard, iliyokuwa ikilinda msafara pamoja na Paladin, ililipua mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji kupiga nyambizi, palepale walipokuwa wakielea walionusurika, kwa hofu kwamba nyambizi ingeendelea kuzamisha meli nyingine. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail ni 214, na kati yao wanawake walikuwa sita tu. Watu 1,297 walikufa.

Waheshimiwa, naomba msome idadi hiyo tena. Watu wote hao ndani ya dakika chache, na wengi wao ni vijana waliotoka katika nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi. Tangu nianze kuwauliza watu pale bustanini kama wamewahi kuisikia meli hiyo, wanaoijua ni wachache mno. Wazee wenyewe wanaoitaja huitaja kama jambo lililotokea mbali, huko Bahari ya Hindi, kana kwamba Bahari ya Hindi si hii tunayoitazama.

Ni kweli majina hayakupotea. Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, unawakumbuka askari waliokufa katika vita hivyo bila kaburi linalojulikana, na wengi wa waliozama na Khedive Ismail wamo humo. Basi kazi ngumu ya kutafuta majina imekwisha kufanywa. Lakini ukumbusho huo uko takriban kilomita 480 kutoka baharini, mahali ambapo mtu huenda akiwa tayari anajua anachokitafuta. Pale Ras Serani mambo ni tofauti: watu huja kwa sababu zao nyingine kabisa, na wangekutana na majina hayo wakiwa na maji yenyewe mbele ya macho yao. Mjukuu wa mwanamizinga angeweza kuonyesha kwa kidole na kusema babu yangu alipita hapo.

Natilia mkazo majina kwa sababu tunajua kilichotokea yalipokosekana. Sanamu za askari zilizosimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam baada ya Vita vya Kwanza ni kazi nzuri ya mikono, na mimi huziheshimu. Hazina jina hata moja la askari wala la mpagazi aliyewabebea mizigo. Ilichukua hadi Aprili 2021 kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kukiri hadharani kwamba katika vita hivyo watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Tume iliomba radhi. Kwa wapagazi wengi wa Afrika Mashariki radhi hiyo haiwezi kurudisha jina, kwa kuwa halikuandikwa popote au orodha yake haipo. Kwa watu wa Khedive Ismail orodha ipo. Tukiiacha ikae Nairobi peke yake hilo litakuwa chaguo letu wenyewe, na hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.

Wapo watakaosema vile vilikuwa vita vya Waingereza na havituhusu. Nimelisikia hilo pale pale barazani, na aliyelisema alikuwa na hoja. Vijana wale walikwenda kupigania uhuru wa mataifa mengine wakati nchi zao hazikuwa huru. Serikali iliyowapeleka haikuwa imechaguliwa nao wala na wazazi wao, na waliorudi salama kutoka Burma walirudi katika nchi ileile yenye kipande na ubaguzi. Kwa sababu hiyo sitaki maandishi ya kumsifu mfalme wala dola lake. Nataka maandishi yanayosema ukweli: walikuwa nani, walitoka wapi, nani aliwapeleka, meli ilizama vipi, na yale mabomu ya kina yalilipuliwa wapi. Uchungu wa historia hiyo ni sababu ya kuiandika vizuri. Ukisema hawatuhusu kwa kuwa walitumikia jeshi la mkoloni, umewaacha mara ya pili, na safari hii walioachwa wameachwa na ndugu zao.

Tena si jambo geni pale. Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2019 iliadhimishwa kitaifa katika bustani hiyohiyo, ilipokuwa imekamilika kukarabatiwa. Ekari 26, na fedha zilizotajwa wakati huo zilikuwa shilingi milioni 460. Nchi nzima iliielekeza macho yake Ras Serani siku ya kuwakumbuka mashujaa. Ninachoomba kinakwenda sambamba na siku ile, na kwa gharama ambayo haifikii hata sehemu ndogo ya fedha hizo.

Sasa niseme jambo ambalo nalijali sawa na hilo la majina. Bustani ile ni ya kupumzika, na ibaki hivyo. Sitaki igeuzwe makaburi. Jumapili na siku za Idd familia nzima huteremka pale na mikeka na chupa za chai, akina mama wakakaa chini ya mibuyu, watoto wakakimbizana mpaka jua linatua. Asubuhi kuna wanaofanya mazoezi, na usiku kuna vijana waliokuja kuongea tu, kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja na hapa kuna upepo wa bure. Mji wetu una sehemu chache za wazi zinazogusa bahari ambazo mtu hupita bila kuulizwa ana shilingi ngapi. Kwa hivyo ukumbusho ukiwa kisingizio cha kuzungushia ua, au kuwafukuza wenye madafu na mihogo, au kuanza kudai kiingilio, afadhali usijengwe. Wale wanamizinga wenyewe walikuwa vijana. Sioni ni kwa nini vijana wa leo wanaocheka na kupiga picha wahesabiwe kuwa wamewakosea adabu.

Ninavyoufikiria mimi ni ukuta mfupi wa mawe, wa kimo cha kiuno, unaofuata ukingo upande wa mkondo. Mtu aweze kuukalia mgongo wake ukielekea baharini au kuuegemea akitazama meli. Majina yachongwe upande wa ndani, herufi kubwa za kutosha kusomwa na mtoto wa darasa la tatu na kuguswa kwa vidole na asiyeona. Yapangwe kwa alfabeti bila kufuata cheo. Habari yenyewe iandikwe kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyowaunganisha askari wa makabila na nchi mbalimbali ndani ya jeshi lile, na ndiyo lugha ya taifa kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Lugha nyingine zifuate. Nawasihi pia msichague mabamba ya shaba, yasije yakang'olewa usiku yakauzwa kama chuma chakavu, na chumvi ya pale haina huruma na chuma chochote. Jiwe litachakaa pia, lakini jiwe huchongwa upya.

Mibuyu iachwe. Hili nalisema kwa sauti. Ile mibuyu ilikuwapo pale meli ilipopita, na mzizi wa mbuyu ukikatwa kupisha msingi wa ukuta mti hauanguki siku hiyo wala mwaka huo. Huoza polepole na mhandisi aliyeukata akiwa amekwisha kuhamishwa. Ukuta upinde pale mti ulipo.

Kuna na mabaki ya ngome ndogo ya Wareno, ile ya São José, palepale Ras Serani. Hayo ni ushahidi kwamba kila aliyetaka kuushika mji huu alijua lazima aushike mlango wake. Mwamba wa matumbawe pale unaliwa na bahari kutoka chini, na kilichobaki juu yake hakitangoja mipango yetu. Naomba wataalamu wa Makavazi wapime ukingo wote kabla ya jiwe la kwanza la ukumbusho kuwekwa, wautazame pamoja na mabaki hayo kama kazi moja. Sitalirefusha hili, maana wao wanalijua kuliko mimi.

Kwamba Makavazi wanaweza kazi hii sina shaka. Ndani ya Fort Jesus wamehifadhi mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mzinga wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, nayo ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe huko Rufiji mnamo Julai 1915 baada ya kupigwa vibaya na manowari za Uingereza. Mizinga ya zote mbili ilitolewa majini ikatumika tena nchi kavu, na leo ipo katika ua mmoja. Mtu akielezewa hayo akiwa amesimama kati yake, hasahau. Nimewaona watoto wa shule wakiweka mikono ndani ya mdomo wa mzinga na kuuliza maswali ambayo mwalimu hakuyatarajia. Lakini Fort Jesus ina lango na tikiti. Ras Serani ni wazi, na ndiko waliko watu wengi ambao hawatawahi kununua tikiti hiyo.

Nimewaandikia nyote watatu kwa pamoja kwa makusudi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa Serikali ya Kitaifa jukumu la majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na limezipa kaunti bustani, fuo na sehemu za burudani. Pale Ras Serani majukumu hayo mawili yamelala juu ya ardhi moja. Ombi la ukumbusho likipelekwa upande mmoja, ni rahisi kujibiwa kwamba ni la upande wa pili, na miaka ikapita hivyo bila mtu yeyote kukataa. Kwa hiyo naomba jibu moja lenye sahihi tatu.

Katika jibu hilo naomba mambo mahususi. Mseme ni ofisi gani itakayoongoza kazi hii na ni afisa wa cheo gani tutakayemfuata. Mwombe rasmi orodha ya majina kutoka Tume ya Makaburi ya Vita, kisha muitangaze, na iwekwe pale penye watu: kwenye ofisi za machifu, kwenye shule, kwenye redio zetu za Pwani. Serikali za Uganda, Tanzania na Malawi zijulishwe, kwa sababu majina mengine yatatafutwa huko na huenda ziko familia zilizoambiwa tu kwamba mtu wao alipotea vitani, bila kutajiwa meli wala bahari. Na kabla mchoro wowote haujapitishwa, itisheni mkutano wa hadhara palepale bustanini, jioni, saa ambayo wauzaji na wavuvi na wenye watoto wanaweza kufika. Msiufanyie hotelini.

Tarehe 12 Februari 2044 itatimia miaka 100 tangu meli ile izame. Najua ofisi hupenda miaka ya kutimia, na bila shaka kutakuwa na hotuba. Mimi siombi tungoje hadi hapo. Watoto wa waliozama, wale walioachwa wachanga au tumboni, sasa wamepita miaka 80. Wachache walio hai wangeweza kuletwa Mombasa wakaligusa jina la baba yao kwenye jiwe, ikiwa orodha itaombwa mwaka huu na mafundi wakaanza mwaka ujao.

Nasubiri jibu lenu, nami naomba litolewe hadharani kama ilivyotolewa barua hii.

Wenu,
Mkaazi wa Kisiwani, Mombasa